Saratani na Mishipa ya Fahamu: Mambo ya Kujua Nyumbani

Mtu akiambiwa ana saratani, mara nyingi huelezwa kwamba baadhi ya seli za mwili wake zimeasi na zinaongezeka bila kikomo. Maelezo hayo ni sahihi, ila yanaiacha nje mishipa ya fahamu, ile inayopeleka habari kati ya ubongo na viungo. Tangu karne ya 19 wataalamu wa hadubini waliziona seli za saratani zikitambaa kandokando ya mishipa hiyo, wakaichukulia kuwa njia tu ya kupitia. Leo tunajua zaidi: mishipa ya fahamu huweza kuusaidia uvimbe kukua, na uvimbe nao hutoa kemikali za kuivuta mishipa iuingie.

Ushahidi mzito unatoka kwenye tezi dume. Mwaka 2013 Claire Magnon, Paul Frenette na wenzao huko New York walichapisha utafiti walioufanya kwa panya wenye saratani ya tezi hiyo. Walipoiharibu mishipa inayotoa noradrenalini, kemikali ya kuuweka mwili tayari kwa hatari, uvimbe ulishindwa kushika vizuri. Mishipa ya aina nyingine, ile inayoutuliza mwili, ilionekana kuusaidia kusambaa. Vipande vya tezi vya wagonjwa navyo vilionyesha kwamba penye mishipa mingi, saratani ilielekea kuwa kali zaidi. Kwenye ubongo uhusiano ni wa karibu kuliko huo. Mwaka 2019 kundi la Michelle Monje wa Chuo Kikuu cha Stanford, na jingine la Heidelberg, Ujerumani, yalionyesha kwamba seli za uvimbe uitwao glioma huungana na seli za ubongo na kupokea ishara zake za umeme, kama nyumba iliyojiunganishia umeme wa jirani. Ishara hizo huuchochea uvimbe ukue.

Kama ni hivyo, kwa nini mishipa hiyo isikatwe? Kwa sababu ina kazi. Inayopita karibu na tezi dume huhusika na nguvu za kiume na mkojo, na ya ubongo ndiyo fikra na mwendo wetu. Tena, jambo lililofaulu kwa panya linaweza kushindwa kwa binadamu. Dawa ya propranololi, inayotumika kwa shinikizo la damu na maradhi ya moyo, huzuia kazi ya noradrenalini, na watafiti wanaijaribu kwa wagonjwa wa saratani. Bado si tiba iliyothibitishwa. Asiinunue mtu dukani kwa matumaini hayo, kwani inaweza kumbana pumzi mwenye pumu. Na anayeitumia kwa moyo asiiache ghafla bila daktari.

Lipo pingamizi linaloumiza familia zaidi: kwamba basi mgonjwa amejiletea saratani kwa mawazo na hasira. Hapana. Uchambuzi uliochapishwa mwaka 2013, uliojumuisha watu wapatao 116,000 wa Ulaya, haukuona kwamba msongo wa kazini huongeza hatari ya saratani ya utumbo mpana, mapafu, matiti wala tezi dume. Mishipa hii hufanya kazi usiku na mchana, hata kwa mtu mtulivu kabisa. Kumlaumu mgonjwa ni kumwongezea mzigo asiostahili.

Kaya ifanye nini, basi? Kwanza, msisubiri maumivu. Saratani ya tezi dume inapoanza mara nyingi haiumi, kwa hiyo mwanamume aliyefika miaka 50, au mapema zaidi ikiwa baba au kaka yake aliugua, azungumze na daktari kuhusu kupimwa. Pili, maumivu ya mgonjwa yasidharauliwe. Uvimbe unapobana au kupenya mishipa ya fahamu, huleta maumivu ya kuchoma, au ganzi, na kuna dawa zake, morfini ikiwemo. Kuomba nafuu si udhaifu. Na mgonjwa wa saratani akianza kuumwa sana mgongo, miguu ikalegea au mkojo ukakataa kutoka, huenda uti wa mgongo unabanwa. Mpelekeni hospitali siku hiyohiyo, kwa maana kuchelewa kunaweza kumnyima uwezo wa kutembea.