Bodi Ikitafuta Mkurugenzi: Mwongozo kwa Mashirika ya Hifadhi ya Ardhi Kasulu na Kibondo

Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 hairuhusu halmashauri ya kijiji kugawa ardhi kabla mkutano mkuu wa kijiji haujaridhia. Mpango wa matumizi bora ya ardhi nao hauwi halali mpaka wakazi wenye miaka 18 na kuendelea waupitishe katika mkutano huohuo. Bodi ya shirika la hifadhi inayotafuta mkurugenzi mtendaji Kasulu au Kibondo ianzie hapo. Shirika lenu halimiliki msitu wala halitawali kijiji. Nguvu yake ni kuaminiwa na watu wanaohudhuria mkutano ule, na mtakayemwajiri ataikuza nguvu hiyo au ataimaliza ndani ya mwaka mmoja.

Bodi nyingi huanzia kwingine. Mkurugenzi ameaga, mfadhili anauliza nani atasaini ripoti ya robo mwaka, na kwa hofu hiyo wajumbe wanamtafuta mtu wa kuandika maandiko ya miradi kwa Kiingereza safi. Ujuzi huo una faida yake, lakini mwandishi wa maandiko anaweza kukodiwa kwa miezi miwili akafanya kazi akaondoka. Mtu ambaye mwenyekiti wa kijiji atampigia simu usiku, kabla ugomvi wa mpaka haujafika kwenye mapanga, hakodiwi.

Tazameni kazi yenyewe ilivyo katika nyanda hizi. Kambi ya Nyarugusu iko Kasulu tangu 1996, ilipofunguliwa kwa wakimbizi kutoka Kongo, na kuanzia 2015 ikapokea pia Warundi. Nduta, Kibondo, ilifunguliwa upya kwa ajili ya wimbi hilohilo. Maelfu ya familia zinapika kwa kuni, na vijiji vinavyopakana na kambi navyo vinapika kwa kuni. Upande wa Makere kuna msitu wa hifadhi wa Makere Kusini, ambako wakulima na mamlaka za misitu wamevutana kwa miaka mingi. Ukielekea mashariki unakuta Pori la Akiba la Moyowosi na ardhi oevu ya Malagarasi-Muyovozi, eneo la kwanza la Tanzania kuingizwa katika orodha ya Mkataba wa Ramsar, mwaka 2000, lenye zaidi ya hekta milioni 3. Huko ng'ombe, mashamba mapya na wanyamapori wanagombania maji yaleyale. Kwa hiyo mkurugenzi wa hapa atakaa na Wakala wa Huduma za Misitu, na mkuu wa wilaya, na wahudumu wa kambi, na mfugaji aliyefika mwaka jana, na bibi ambaye shamba lake la maharage limeingia ndani ya alama za hifadhi. Asiyeweza kuzungumza na wote hao bila kubadilisha maneno yake kila anapobadilisha chumba, asiajiriwe.

Kabla ya kutoa tangazo, bodi isome katiba ya shirika. Nani ana mamlaka ya kuajiri: bodi, mkutano mkuu wa wanachama, au vyote viwili? Nimeona bodi ikimaliza usaili, kisha wanachama wakapinga kwa haki kabisa, kwa kuwa katiba iliwapa wao neno la mwisho. Mteueni pia mtu wa kukaimu, kwa barua yenye tarehe ya mwisho, na mkubaliane mapema kama kaimu ataruhusiwa kuomba nafasi hiyo. Kama anayeondoka ndiye mwanzilishi, zungumzeni naye waziwazi kuhusu nafasi yake baada ya makabidhiano. Mwanzilishi anayebaki kwenye bodi na bado anatia saini hundi humfanya mkurugenzi mpya kuwa karani wake.

Halafu andikeni, kwa Kiswahili, mambo matatu ambayo shirika lazima liwe limeyafanya mwaka mmoja baada ya kuajiri. Matatu yanatosha. Pengine ni vijiji viwili kukamilisha mipango ya matumizi ya ardhi na kuanza kutoa hati miliki za kimila, hesabu za miaka miwili kukaguliwa, na kamati za maliasili za vijiji kufundishwa upya baada ya uchaguzi. Hili la mwisho lisipuuzwe. Viongozi wa vijiji walichaguliwa Novemba 2024, na wapo wenyeviti walioingia madarakani bila kujua makubaliano ambayo watangulizi wao walifanya nanyi. Sifa za mwombaji zitokane na mambo hayo matatu. Msinakili tangazo la shirika la kimataifa linalodai shahada ya uzamili na uzoefu wa miaka 10, mkamfungia mlango ofisa nyuki mwenye stashahada kutoka chuo cha ufugaji nyuki Tabora, ambaye vijiji kumi vinamjua kwa jina.

Tangazo liende waliko watu. Gazeti na makundi ya WhatsApp ya asasi yatawafikia wa Dodoma na Dar es Salaam. Wa hapa mtawapata kupitia Redio Kwizera, mbao za matangazo za halmashauri, ofisi za kata, misikiti na makanisa. Tumeni pia Chuo Kikuu cha Sokoine na chuo cha misitu Olmotonyi, maana wahitimu kutoka Buha, nchi ya Waha, wametawanyika nchi nzima na wengine wangependa kurudi nyumbani. Toeni wiki nne. Tangazo la siku saba hufanya watu waamini kwamba nafasi ina mwenyewe tayari.

Kuhusu kujua Kiha, lugha ya wenyeji, msimamo wangu ni huu: liwe jambo la kuongeza alama, lisiwe kigezo cha kumkata mtu. Mgeni mwenye masikio atajifunza. Mwenyeji aliyezaliwa katika ukoo unaovutana na ukoo mwingine juu ya bonde anaweza kuwa mzito kukubalika kuliko mgeni.

Na wanawake? Bado wapo wajumbe wa bodi wanaonong'ona kwamba masuala ya ardhi ni ya wanaume. Wakumbushwe kwamba utawala wa jadi wa Heru, papo hapo Kasulu, uliongozwa na Mwami Theresa Ntare kabla ya uhuru. Wakumbushwe pia kwamba baraza la ardhi la kijiji lina wajumbe saba, na sheria inataka wasiopungua watatu wawe wanawake. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inakataza ubaguzi wa jinsia katika kuajiri, hivyo swali la usaili linalohusu mimba au mume linaweza kuwafikisha pabaya.

Undugu nao utajitokeza, kwani miji yetu ni midogo. Hakuna aibu mjumbe kuwa na mpwa wake miongoni mwa waombaji. Kosa ni kunyamaza. Kila mjumbe ajaze fomu ya kutamka uhusiano wake kabla bahasha hazijafunguliwa, na mwenye uhusiano atoke chumbani mwombaji huyo anapojadiliwa. Waombaji watakaoitwa kwenye usaili nao watamke mali inayogusa kazi: mashamba karibu na hifadhi, mifugo, leseni ya mbao au mkaa, na kama wanakusudia kugombea udiwani au ubunge. Mtu ana haki ya kugombea, ila shirika la hifadhi likishaonekana kuwa jukwaa la kampeni, milango ya vijiji vya upande wa pili hufungwa.

Usaili wa kukaa mezani na kujibu maswali hupima ulimi zaidi ya kitu kingine. Gaweni usaili mara mbili. Siku ya kwanza mwombaji apewe bajeti ya mradi yenye makosa, ayatafute peke yake kwa saa moja. Kisha apewe mkataba mfupi wa kubuni wa hewa ukaa baina ya kampuni na kijiji, aeleze kijiji kinapata nini na kinafungwa na nini. Hili si jambo la mbali: kanuni za biashara ya kaboni zilitoka 2022, na kwa jirani zetu wa Wilaya ya Tanganyika, mkoani Katavi, vijiji vinane vinalipwa kwa kutunza misitu ya milima ya Ntakata. Madalali watafika na huku, na mkurugenzi ndiye atakayeulizwa kwanza.

Siku ya pili waombaji wawili au watatu waliobaki wapelekwe kijijini, kila mmoja kwa wakati wake, kwa gharama ya shirika. Msiwapeleke kwenye ugomvi unaoendelea, wala msiwaambie wanakijiji kwamba huyu ndiye bosi mpya. Ombeni ruhusa ya mtendaji wa kijiji, ketini na kamati ya maliasili, mwombaji asikilize shida zao kisha aeleze alichoelewa. Mtaona mengi. Kuna atakayeanza kuhutubia kabla hajapewa kiti, na kuna atakayewauliza akina mama waliokaa nyuma. Mwingine atatoa ahadi ya kisima ambacho bodi haijawahi kukijadili, na huyo alama zake zishuke hapohapo. Baada ya wageni kuondoka, mjumbe mmoja abaki kuwauliza wanakamati wamemwonaje. Maoni yao yaandikwe na yahesabiwe.

Mradi wa TACARE, ulioanzishwa 1994 na Taasisi ya Jane Goodall katika vijiji vya jirani na Gombe, mkoani mwetu Kigoma, ulisonga mbele kwa kusikiliza kwanza: watu walitaka afya, maji na elimu, na miti ikaja pamoja na hayo. Emmanuel Mtiti, Mtanzania aliyeuongoza kwa miaka mingi, aliifanya kazi hiyo akiwa Kigoma. Kilwa nako, shirika la kuendeleza mpingo limekuwa chini ya Makala Jasper, aliyepata Tuzo ya Whitley mwaka 2016 kwa misitu inayosimamiwa na vijiji. Hawa hawakutoka mbali na kazi. Mkitafuta mkurugenzi, watazameni vizuri maofisa wenu wa uwandani kabla ya kutazama kwingine.

Wadhamini wa mwombaji wapigiwe simu. Barua peke yake haitoshi. Mpate kwanza kibali chake cha maandishi, maana Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inazihusu hata karatasi za maombi ya kazi. Zungumzeni na mhasibu wa alikotoka na mtendaji wa kijiji alichowahi kukihudumia. Swali moja lina thamani kubwa: fedha za mradi zilipochelewa, aliwaambia nini wanakijiji?

Mkataba uwe wa maandishi na ueleze mshahara halisi. Bodi nyingine hutaja mshahara wa mradi unaoisha baada ya miezi minane kana kwamba ni wa kudumu. Mwambieni ukweli mapema. Kodi ya mapato, mchango wa NSSF na wa mfuko wa fidia kwa wafanyakazi viwe kwenye bajeti tangu siku ya kwanza. Kipindi cha majaribio kisizidi miezi 12, nami napendekeza sita, tathmini ikifanyika mwezi wa tatu na wa tano. Msingoje siku ya mwisho kumwambia alichokosea.

Akianza kazi, badilisheni saini benki wiki hiyohiyo na kila malipo yawe na saini mbili. Mjulisheni Msajili wa Mashirika Yasiyo ya Kiserikali kupitia ofisa maendeleo ya jamii wa halmashauri. Mwenyekiti wa bodi amsindikize mwenyewe kwa mkurugenzi wa halmashauri, kwa ofisa misitu wa wilaya, kisha kijiji kwa kijiji. Mikutano mikuu ya vijiji hufanyika kila baada ya miezi mitatu. Ulizieni tarehe zake sasa, kabla hata ya kuandika tangazo, ili mkurugenzi mpya akifika awe na mahali pa kutambulishwa.