Hakimiliki na Mashine Itungayo Nyimbo

Somo letu safari hii ni la maneno mawili: hakimiliki na mrabaha. Hakimiliki ni haki ya mtunzi juu ya kazi yake. Mrabaha ni malipo ayapatayo kila kazi hiyo inapotumiwa.

Tuanze hapa kwetu. D. O. Misiani alizaliwa Shirati, Tanzania, ng'ambo tu ya mpaka wa Migori, akavuma Kenya nzima kwa benga na bendi yake ya Shirati Jazz. Alifariki mwaka 2006. Kwa Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya 2001, nyimbo alizotunga zinalindwa miaka 50 baada ya kifo, yaani hadi mwisho wa 2056. Kwa hivyo msidhani ati marehemu hana haki!

Mwaka 2018 Mmarekani Kanye West alichukua kipande cha Kothbiro, wimbo wa Kijaluo wa bendi ya Black Savage, akakitia katika wimbo wake Yikes. Majina ya Ayub Ogada na James Mbarack Achieng yaliandikwa miongoni mwa watunzi. Hapo mrabaha unajua njia ya kwenda nyumbani.

Sasa tuje kwa akili unde. Mashine hizi hulishwa nyimbo chungu nzima, zikajifunza jinsi sauti zinavyofuatana. Halafu ukiiambia "nipe benga", inakutolea wimbo mpya papo hapo. Mara nyingi hakuna kipande utakachoshika useme hiki ni cha fulani. Jina limeyeyuka kama chumvi mchuzini. Juni 2024 kampuni kubwa za muziki zilizishtaki Suno na Udio huko Marekani kwa kutumia nyimbo zao bila ruhusa, na mwaka 2025 baadhi yao zikapatana. Lakini hizo zina mawakili. Mpiga nyatiti wa Homa Bay anaye nani?

Mwenzangu darasani alinibishia: mbona wapiga gita wa benga nao waliiga nyuzi nane za nyatiti? Mgala muue na haki umpe, ni kweli, na sheria hailindi mtindo, hulinda utungo. Ila kijana wa gita alimsikiliza mzee, na watu walijua kajifunza kwa nani. Mashine haimtaji mwalimu yeyote. Mimi naona wenye mashine waanze kwa kutoa orodha ya nyimbo walizoilisha. Orodha ikiwepo, wajane na watoto wa wanabenga watajua pa kupiga hodi.