Mafunzo Niliyopata Nikijaza Mapengo ya Seti ya Mama

Vyombo ninavyovisema ni vya kioo cha kahawia, vile vya Ufaransa, ambavyo nyumba nyingi za pwani zilivipanga kabatini na kuvishusha Idi au siku ya ugeni. Mama aliniachia seti isiyotimia: bilauri zimepungua, visahani vimezidi vikombe. Nimekuwa nikiijaza polepole kwa sababu nataka iendelee kuliwa na kunywewa, si kutazamwa tu. Haya ndiyo niliyojifunza.

1. Kigeuze chombo kabla hujaulizia bei

Jina liko kwenye kitako. Utakuta DURALEX na neno FRANCE, au VERECO FRANCE, au ARCOROC, ambayo ni chapa ya kiwanda kingine, cha mji wa Arques kaskazini mwa Ufaransa. Kwenye kabati vyote ni vya kahawia na ni rahisi kuvichanganya, lakini maumbo yao hayafanani, na sahani ya huyu haikai vizuri juu ya sahani ya yule. Herufi zikiwa zimelika, weka karatasi nyembamba juu yake usugue taratibu kwa ubavu wa penseli, jina litajitokeza. Tochi ya simu ukiiinamisha ubavuni nayo husaidia.

Ile nambari iliyo chini ya bilauri ya Duralex si mwaka. Ni nambari ya kalibu iliyotumika kuitengeneza. Watoto wa Ufaransa huitumia mezani kutaniana, kila mmoja akisoma "umri" wake chini ya glasi. Kwa hiyo muuzaji akikuonyesha 46 akasema ni ya mwaka 1946, usimlipe bei ya mwaka huo. Ni kweli kwamba kampuni ilianza 1945 huko La Chapelle-Saint-Mesmin, karibu na Orléans, kwamba bilauri ya Gigogne ilitoka 1946 na Picardie 1954. Lakini hiyo ni miaka ya muundo kuanza, na miundo hiyo imeendelea kutengenezwa miaka mingi baadaye.

2. Rangi iwe shahidi wa mwisho

Ukahawia huu hutokana na chuma, salfa na kaboni vinavyoyeyushwa pamoja na mchanga. Vipimo vikibadilika kidogo tu, kioo hutoka kikiwa na weusi zaidi au umanjano zaidi. Unene nao hubadilisha macho: kitako cha bakuli huonekana cheusi kuliko ukingo wake. Basi vyombo viwili vya muundo mmoja vinaweza kutofautiana rangi na vyote vikawa halisi. Mimi huviweka juu ya karatasi nyeupe, mchana, karibu na mlango. Taa ya dukani haitoshi.

Chunguza pia kama rangi imo ndani ya kioo au imepakwa juu. Yale mabakuli ya Pyrex ya Marekani yaliyotoka 1945, la manjano, la kijani, jekundu na la buluu, ni kioo cheupe kilichopakwa rangi kwa nje. Sabuni kali na mashine ya kuoshea huifubaza, na ikishafubaa hairudi.

3. Tuma vipimo, usitume picha peke yake

Picha haioneshi ukubwa. Picardie pekee huanzia ya sentilita 9 hadi ya 50, na zote zina umbo lile lile. Pima upana wa mdomo, pima urefu, kisha weka bilauri juu ya mizani ya jikoni, rudisha mizani kwenye sifuri, uijaze maji hadi ukingoni: gramu moja ya maji ni mililita moja. Vipimo hivyo ndivyo ninavyomtumia binamu yangu aliyeko Maskati anapozunguka madukani.

"Dada, hii imepungua kidole kizima," aliniambia mara moja kwa simu.

"Basi iache hapo hapo, mdogo wangu."

Gigogne ina kipimo chake cha ziada, kwa kuwa imeundwa ipangike moja ndani ya nyingine. Ingiza yako katika ya muuzaji. Ikikaa upande au ikikwama, si ndugu yake.

4. Pitisha kidole ukingoni, polepole

Hapa sipunguzi msimamo hata kwa bei ya chini. Kioo hiki hupashwa moto hadi nyuzi 600 na zaidi, kisha hupulizwa hewa baridi ghafla. Ngozi ya nje hujibana na ndani hubaki pamevutika, na kubanana huko ndiko kunakokiwezesha kustahimili kuanguka na chai ya moto. Lakini mkwaruzo ukizama hadi ndani, chombo hupasuka chote kwa mkupuo na kuwa chembechembe, pengine kikiwa kimetulia kabatini. Kwa sababu hiyo hiyo fundi hawezi kukisaga ukingo uliomeguka, kama anavyoweza kwa glasi za kawaida. Kilichomeguka hakinunuliwi, na kilichomo nyumbani kitolewe mezani, hasa penye watoto. Kikipasuka karibu na chakula, mwaga chakula chote.

5. Beba siki

Maji ya kisima ya pwani huacha utando mweupe wa chokaa, na wauzaji wengi huuza kwa hasara chombo kizima wakidhani kimechakaa. Pamba yenye siki, ukiisugua kidogo, itakuonyesha: utando ukitoka, kinunue, ukakiloweke usiku kucha. Usipotoka, uso wa kioo umelika na hakuna dawa.

6. Jua kinachokosekana

Bilauri na vikombe ndivyo huvunjika kwanza, visahani husalia. Ndiyo maana visahani hupatikana kwa bei rahisi na vikombe ni adimu. Muombe muuzaji akuvunjie seti. Akikataa, nunua yote kwa pamoja na mtu mwenye upungufu tofauti na wako. Mimi na jirani yangu hufanya hivyo. Bilauri za kila siku nimenunua Picardie mpya, maana kiwanda bado kinafanya kazi, na tangu 2024 ni ushirika wa wafanyakazi wenyewe. Hizo mpya nimezitia alama ya wino chini, ili wanangu wakigawana wajue ipi ni ya bibi yao.