Simu ya Nyumbani na Somo la Darasani

Katika kaya nyingi za Marangu, Kibosho na Uru, mtoto wa shule ndiye msomaji wa simu ya bibi yake. Humsomea ujumbe wa fedha zilizotumwa kutoka Moshi mjini au Dar es Salaam, humweleza salio, na mara nyingi ndiye anayebonyeza. Kesho yake mtoto huyo hufundishwa asilimia kwa mifano ya vitabuni.

Shule zetu kwa kawaida haziruhusu mwanafunzi kuja na simu, nasi hatuombi utaratibu huo uvunjwe. Kinachoweza kuingia darasani ni kile mtoto alichokifanya kwa simu, kikiwa kimenakiliwa daftarini. Tuseme laini ya bibi haikuwa na kitu. Akapokea shilingi 30,000, akatoa 20,000, likabaki salio la 8,900. Makato ni 1,100, yaani asilimia 5.5 ya fedha aliyoitoa. Mwanafunzi aliyezoea kukokotoa hivyo huyauliza makato asiyoyaelewa, jambo ambalo watumiaji wengi wazima hatulifanyi. Intaneti ya kasi imefika Horombo, mita 3,720 mlimani, tangu mwaka 2022. Somo hili hata hivyo latosha kwa simu ya kitochi. Penye simu yenye kamera, picha ya jani la kahawa lenye kutu, iliyopigwa kihambani, ni mwanzo mzuri wa somo la sayansi.

Mzazi au mlezi, kagua daftari hilo kabla halijaenda shule. Lisiwe na majina wala namba za simu za watu. Taarifa hizo zinalindwa na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Kama familia haipendi kiasi chake kijulikane, tarakimu zibadilishwe.

Namba ya siri ni suala jingine kabisa. Bibi aibonyeze mwenyewe, na kama mjukuu anaijua tayari, ibadilishwe leo. Hatumshuku mtoto. Tapeli anapopiga, yeye ndiye hupokea, na amelelewa kumtii mtu mzima.

Kwa somo la Kiswahili, mwalimu aweza kuuandika ubaoni ule ujumbe usemao "ile hela itume kwenye namba hii", kisha wanafunzi waeleze: mwandishi ni nani, hela ipi, mbona hakutaja jina? Ujumbe wa namna hiyo ukiingia nyumbani, msifute. Utumeni kwenda namba 15040, kisha mtaje namba iliyoutuma.