Fremu kuukuu ya alumini: nipande au niiache?

SWALI: Nimenunua baiskeli ya mtumba yenye fremu ya alumini, umri wake kama miaka 20. Rangi imechubuka, na karibu na usukani kuna mstari mwembamba. Fundi anasema niichomelee tu. Nifanyeje?

JIBU: Usiipande kwanza. Umri peke yake hauihukumu fremu. Kinachoihukumu ni kazi iliyofanya. Chuma kikibebeshwa mzigo mdogo kinaweza kuvumilia mitikisiko bila kikomo. Alumini haina uvumilivu huo: kila shimo la barabarani huichosha kidogo, na uchovu haufutiki.

Ioshe vizuri, kisha umulike kwa tochi kwenye maungio: chini ya shingo ya usukani, panapopita ekseli ya pedali, panapobanwa nguzo ya kiti, na inapofungwa gurudumu la nyuma. Pitisha ukucha juu ya mstari huo. Ukinasa, kwangua rangi kwa msasa laini. Mstari ukiisha pamoja na rangi, ni mkwaruzo wa rangi tu. Ukiendelea kwenye alumini yenyewe, huo ni ufa, na fremu imekwisha. Bomba lililobonyea au kufura karibu na maungio nalo ni ishara mbaya.

Kuhusu kuchomelea, hapana. Moto huilegeza alumini pembeni mwa kiungo, na kuirudishia nguvu kunahitaji tanuri la joto maalumu, si gesi ya gereji. Ikiwa ni ufa, okoa magurudumu na breki, fremu iende kwa wanunuzi wa skrepa. Usipoziba ufa, utajenga ukuta. Ufa huu hauzibiki.