Ugonjwa wa Kuparurwa na Paka

Mtoto aliyeparurwa mkononi na paka mchanga halii kwa muda mrefu, na wazazi wake huisahau alama ile upesi kuliko yeye mwenyewe. Baada ya siku 3 hadi 10 huota kipele chekundu mahali palipoparurwa. Wiki moja hadi tatu baadaye tezi za kwapani, za shingoni au za kinenani, kwa kutegemea sehemu iliyojeruhiwa, huvimba na kuuma. Uvimbe wa namna hii ndio uitwao mtoki. Homa ikiwapo huwa ndogo. Kufikia hapo hakuna mtu nyumbani amkumbukaye paka, na jambo hilo humtatiza sana daktari.

Tezi za limfu ni vichujio vilivyowekwa katika njia ya majimaji yarudiayo katika damu. Viini vikiingia kwa kidonda cha kidole, huzuiwa kwanza katika tezi za kiwiko na za kwapa, na seli za kinga huongezeka humo kwa wingi ili kupigana navyo. Kwa hiyo tezi kuvimba huonyesha mahali pa mapambano, lakini hakumtaji adui. Kifua kikuu huweza kuvimbisha tezi za shingo polepole kwa wiki nyingi. Tauni, iliyozuka wilayani Lushoto kuanzia mwaka 1980, huvimbisha tezi kwa siku chache tu pamoja na homa kali. Mtu atibuye mtoki bila kuuliza habari za wanyama wa nyumbani aweza kumnywesha mgonjwa dawa za kifua kikuu kwa miezi sita pasipo sababu.

Mwaka 1950 daktari Robert Debré wa Paris na wenzake waliueleza ugonjwa huu na kuuhusisha na makucha ya paka. Lakini kiini chake hakikuonekana. Kwa miaka mingi madaktari walitumia kipimo ambacho leo kingeshangaza: usaha wa tezi ya mgonjwa mmoja ulipashwa moto, kisha ukadungwa kidogo ndani ya ngozi ya mgonjwa mwingine, na ngozi ikivimba aliambiwa kuwa anao ugonjwa huo. Mwaka 1983 wataalamu wa Marekani walipaka vipande vya tezi rangi yenye madini ya fedha, wakaona kwa hadubini bakteria wadogo wenye umbo la fimbo katika tezi za wagonjwa 34 kati ya 39. Mwaka 1988 ikatangazwa kuwa bakteria wa tezi hizo wameoteshwa maabarani, na baadaye wakapewa jina la Afipia felis.

Tangazo hilo lilikuwa na kosa. Ni wagonjwa wachache sana waliopatikana na kinga dhidi ya Afipia. Jibu lilitokea upande usiotazamiwa: wagonjwa wa UKIMWI walikuwa wakiota vinundu vyekundu vya ngozi, na mwaka 1990 uchunguzi wa chembe za urithi zilizomo katika vinundu hivyo ulionyesha bakteria asiyejulikana. Mwaka 1992 wataalamu wa Atlanta walipima damu ya watu 41 waliodhaniwa kuwa na ugonjwa wa paka, wakakuta kinga dhidi ya bakteria huyo katika asilimia 88 yao, ilhali kwa watu wenye afya ilikuwa asilimia 3 tu. Leo huitwa Bartonella henselae. Huota polepole mno katika chakula chenye damu, na huenda ndiyo sababu watafiti wenye haraka walimkosa.

Paka mwenyewe huwa haugui. Bakteria hukaa ndani ya chembe nyekundu za damu yake kwa miezi, hasa akiwa mchanga. Huambukizwa na kiroboto, ambaye kinyesi chake kina bakteria hao. Paka ajikunapo, kinyesi hicho huingia chini ya kucha, na kucha hukipeleka katika ngozi ya mtu. Kwa hiyo anayetaka kujikinga na awaangamize viroboto. Kumfukuza paka ni kuwakaribisha panya.

Wagonjwa wengi hupona bila dawa katika miezi miwili hadi minne. Tezi haifai kupasuliwa ovyo. Ikijaa usaha, daktari huufyonza kwa sindano. Azithromycin hupunguza uvimbe haraka zaidi katika mwezi wa kwanza. Kwa mwenye upungufu wa kinga hali ni nyingine kabisa: vinundu vyake hufanana na saratani ya Kaposi, na kosa hapa ni la hatari, maana vya bakteria hutibika kwa antibayotiki. Tena kila jeraha la paka lioshwe mara moja kwa sabuni na maji yatiririkayo kwa dakika 15, na aliyeumwa apelekwe hospitali, kwani paka pia huweza kuambukiza kichaa cha mbwa.

Jaribio lililochapishwa mwaka 1996 huko California lafaa kujadiliwa darasani. Viroboto kutoka kwa paka wenye bakteria walihamishiwa kwa paka wachanga watano wasio na maambukizo. Wote watano wakaambukizwa. Paka wengine wachanga walikaa pamoja na wenzao wenye bakteria tele katika damu, lakini pasipo viroboto, na hawakuambukizwa. Wanafunzi waulizwe: kama kundi hili la pili lingetengwa peke yake, mbali na paka wenye bakteria, ni swali gani ambalo jaribio lisingeweza kulijibu?