Kununua Mnyama na Kumrudisha

Twaulizwa na ndugu waendao Garissa kununua mbuzi wa maziwa: ni bora kwa mfugaji mwenyewe, au sokoni kwa dalali? Kwa mfugaji bei ni nafuu. Lakini kumlaki njiani kabla hajaijua bei ya soko kumekatazwa katika Hadithi. Naye hufuata mvua, basi utamrudishia nani? Dalali utamkuta sokoni.

Aliyeuziwa mnyama aliyeachwa makusudi bila kukamwa, ili kiwele kijae, ana siku tatu: amweke, au amrudishe pamoja na pishi ya tende badala ya maziwa aliyokama. Kwa aibu nyinginezo, kauli ya “mali ikiuzwa hairudi” haimwokoi muuzaji aliyeijua aibu akaificha. Ila katika madhehebu yetu ya Shafii, aionaye aibu akakawia kurudisha bila udhuru, haki yake imepotea.